Alikosa Nini?

Wapo wanaoniuliza Ubaini iko upande gani, na huwa siwezi kuwaelekeza. Nilifika, nikakaa muhula mmoja, nikarudi; hayo ndiyo ninayoyajua kwa hakika. Mengine nitayaeleza kama nilivyoyaona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa. Msomaji akiona nasema hivyo mara nyingi, anivumilie.

Nilipelekwa kufundisha tanzia. Ubaini ina tanzia moja tu, na kila mwanafunzi wa kidato cha nne lazima aisome kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Iliandikwa na watu waliowahi kuitawala nchi hiyo kisha wakaenda zao, na lugha yao Wabaini wanaiita Lugha ya Walioondoka. Hakuna anayeizungumza nyumbani, wala sokoni, wala msibani, lakini asiyeijua haajiriwi hata kufagia. Mimi niliisomea chuoni, na kwa sababu hiyo tu nilipokewa kwa heshima ambayo sikuizoea na ambayo sikujua niiweke wapi.

Wabaini hawasalimiani kama sisi. Mkubwa akikutana na mdogo humwambia, "Fafanua," na mdogo hujibu, "Kwa mifano." Basi, imekwisha, kila mtu anaendelea na njia yake. Siku yangu ya kwanza mama mmoja muuza maandazi aliniambia "Fafanua," nami nikasimama njiani nikaanza kumfafanulia nilikotoka, nani kanituma, na jinsi nilivyokuwa na wasiwasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanifungia andazi moja na kukataa malipo, kwa kuwa aliniona si mzima kichwani.

Mwalimu mkuu wa shule niliyopangiwa aliitwa Bwana Tindwa, mtu mwembamba aliyekohoa kidogo kabla ya kila neno aliloliona la hatari. Nilimwomba nakala za tanzia kwa ajili ya darasa. Akakohoa. Akanieleza kwamba tanzia yenyewe ipo, imefungiwa kabatini, na ufunguo uko wizarani. Zamani wanafunzi walipewa waisome wenyewe na matokeo yakawa mabaya, kwa kuwa kila mmoja alitoka na lake. Siku hizi wanasoma Mwongozo. Kwa wanaouona Mwongozo mgumu upo Mwongozo wa Mwongozo, ambao ni mwembamba zaidi, na ndio walimu wenyewe wanaoutumia.

"Tanzia inawachanganya watoto, Mwalimu," alisema kwa huruma ya kweli. "Ukiwapenda, usiwaonyeshe."

Mwongozo unasema tanzia njema humtia msomaji hofu na huruma, kwa hiyo wizara imevipangia vitu hivyo vipindi: Hofu ni Jumanne, Huruma ni Alhamisi. Nilikaa nyuma ya darasa nikatazama kipindi cha Huruma. Wanafunzi waliinamisha vichwa upande wa kulia, wakakunja nyusi, wakalegeza midomo, na mwalimu akapita kati yao akirekebisha shingo moja moja. Binti mmoja aitwaye Nyange, mcheshi wa darasa, alisifiwa mbele ya wenzake kwa uso uliokamilika. Mwalimu alipompita, Nyange akaninong'oneza, "Mwalimu mgeni, mimi naumwa jino."

Juu ya lango la shule kumechongwa neno moja. Ni neno la mwisho la tanzia, na ndilo pekee ambalo serikali ya Ubaini imeruhusu litafsiriwe kwa lugha ya nyumbani: ALIKOSA. Kila asubuhi mstarini Bwana Tindwa huuliza, "Alikosa nini?" na shule nzima huitikia, "Alikosa kiburi." Wanamaanisha kwamba mfalme wa tanzia alianguka kwa sababu ya kiburi chake. Hilo lilinitatiza. Baada ya siku chache nilijikaza nikamuuliza Bwana Tindwa, kwa sauti ya chini, kama maneno hayo hayasemi kinyume, yaani kwamba mfalme hakuwa na kiburi. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango anaopita kila siku ni dirisha. Akakohoa, akasema jibu hilo lina alama mbili, na kwamba limekuwa na alama mbili tangu babu yake akiwa mwanafunzi.

Nyange alikuwa na maelezo yake. "Ndiyo maana waheshimiwa wetu hawakosi kiburi hata siku moja, Mwalimu. Wanaogopa kufa."

Walinipeleka pia Barazani, kama wageni wote wanavyopelekwa. Baraza la Ubaini lina pande mbili, Upande wa Kiburi na Upande wa Tamaa, na hoja iliyokuwa mezani ni kama mfalme aliangushwa na hili au na lile. Mjadala huo ulianza kabla ya yeyote kati ya wajumbe kuzaliwa. Mambo mengine, kama maji, zahanati, na daraja la Mto Gangwe, yaliahirishwa mpaka dosari ipatikane, maana nchi isiyojua mfalme alianguka kwa nini itajengaje kitu kisianguke? Mjumbe mmoja wa Tamaa alisema hayo kwa ufasaha mkubwa, na wote, hata wa Kiburi, walimpigia makofi. Nilimuuliza mhudumu aliyekaa karibu nami ni wangapi kati yao wamewahi kuisoma tanzia. Akasema hakuna, ufunguo umepotea. Upande wa Kiburi unasema uko kwa Tamaa, na Upande wa Tamaa unasema uko kwa Kiburi.

Haya yote ningeyachukua kama mambo ya shule, ambayo kila nchi inayo kwa namna yake. Lakini Wabaini ni watu wanaoamini walichofundishwa. Wamefundishwa kwamba mtu haanguki ila kwa dosari moja iliyo ndani yake mwenyewe, basi wanalitumia somo hilo kwa kila anayeanguka. Mtu akifilisika, akiugua, akifa, huja ofisa wa serikali anayeitwa Mkosoaji, husimama mbele ya wafiwa na kuuliza swali lile lile: "Alikosa nini?" Jibu ni neno moja, na lazima liwe kati ya maneno yanayokubalika. Kiburi, tamaa, wivu, ukaidi, haraka, ujinga. Anayejibu lazima awe ameisoma tanzia, kwa kuwa wengine hawana ujuzi wa kubainisha. Mpaka jibu litolewe msiba haujaisha, na nyumba ya msiba wa Ubaini haiwashi moto. Majirani huleta chakula, lakini wanakileta kimepoa, kwa kuwa sheria inakataza hata mvuke.

Katika darasa langu alikuwamo msichana aliyesimama wakati wote wa somo. Aliitwa Zamda. Alikuwa mrefu, mkimya, na aliandika akiwa ameegemeza daftari ukutani. Nilidhani ni adhabu, nikaona haya kuuliza. Ni Nyange aliyenieleza, na safari hiyo hakuwa na mzaha. Serikali ya Ubaini hutoa walimu na Miongozo, lakini kiti kila mwanafunzi anakuja nacho kutoka kwao. Kiti cha Zamda kilivunjika. Baba yake, Kirobo, alimchongea kingine, akakibeba kichwani kukiwahisha shuleni kabla ya kengele. Kutoka kwao kuja shuleni lazima uvuke Mto Gangwe, na Gangwe haina daraja. Ina mawe ya msingi. Kila baada ya uchaguzi Mwenyekiti wa Baraza huja na ngoma, huweka jiwe la msingi la daraja, jiwe zuri la marumaru lenye jina lake, kisha huondoka. Mawe yamekuwa mengi, na watu huvukia juu yake. Wakati wa mvua yanateleza kama sabuni. Kirobo aliteleza juu ya jiwe jipya kuliko yote.

Hilo lilitokea kabla sijafika. Tangu hapo mama yake Zamda alikuwa amekaa katika nyumba isiyo na moto, anakula viporo vya majirani, kwa sababu Zamda ndiye pekee katika ukoo ule aliyefika kidato cha nne, na Zamda hakujibu. Mkosoaji alikwisha kumwelekeza jibu. Marehemu alikuwa na haraka, kila mtu alimwona akikimbia. Neno moja tu, "haraka," na mama angekoka jiko siku ile ile.

Nilimwita Zamda pembeni, nikajaribu kumwambia kwamba wakati mwingine neno ni neno tu. Sijui kama niliamini nilichosema. Aliniangalia kwa adabu, akaniuliza, "Mwalimu, alikuwa anamkimbilia nani?" Nililia mimi badala yake, naye akabaki ananibembeleza, jambo ambalo si sahihi kwa mwalimu.

Kilichofuata kilitokana na udhaifu wangu, kwa maana siwezi kufundisha kitu ambacho wanaonisikiliza hawakijui. Tanzia niliijua kwa moyo tangu chuoni. Alhamisi moja, katika kipindi cha Huruma, niliwaambia wanafunzi wainue vichwa vyao, nikawasimulia kwa lugha ya nyumbani.

Niliwaambia habari za Mfalme Odwari, ambaye nchi yake ilikuwa na njaa na maadui. Asubuhi moja ukungu ulitanda, na walinzi wakasikia msafara mkubwa unakuja kutoka milimani. Mfalme akaamuru lango lifungwe na mishale itupwe. Waliokuwa nje wakaita, wakapiga kelele, lakini ukungu ulizimeza sauti zao zisifike mnarani kwa mfalme. Bawabu wa lango ndiye aliyekuwa karibu, na aliitambua sauti mojawapo. Ilikuwa ya binti wa mfalme, aliyekwenda nchi ya mbali kuomba nafaka, na sasa alikuwa anairudisha. Lakini katika nchi ile bawabu haruhusiwi kumsemesha mfalme asipoulizwa, na mfalme hakuuliza. Ukungu ulipoinuka, lango likafunguliwa. Magunia yalikuwa yametapakaa njiani, na nafaka imelowa. Mfalme akatoka, akaketi chini kati ya magunia, na hakusema neno tena mpaka roho yake ikatoka. Watu wakamuuliza bawabu imekuwaje. Bawabu akajibu kwa neno moja, na tanzia ikaishia hapo.

Hakuna aliyeinamisha kichwa upande wa kulia. Nyange alikuwa amefunika uso kwa mikono yake. Zamda, pale ukutani, aliuliza kwa sauti ya kawaida kama anauliza tarehe: "Kwa hiyo bawabu ndiye aliyesema alikosa?"

Nikasema ndiyo.

"Na bawabu alijua sauti ni ya nani?"

Nikasema ndiyo. Akarudi kuegemeza daftari lake, lakini hakuandika kitu. Kengele ikalia.

Habari zilimfikia Bwana Tindwa kwamba darasa langu limetoka kwenye Huruma likiwa linalia kweli, na jioni hiyo alikohoa sana. Alisema hanilaumu, mimi ni mgeni na bado ni kijana. Ila Mkosoaji wa Wilaya atakuja kulihoji darasa, na atautumia ujio huo kulipata jibu la Zamda mbele ya wenzake, liwe funzo. Asipojibu safari hii, msiba wa Kirobo utahesabiwa hauna jibu. Nikauliza msiba usio na jibu hufanywaje. Akasema nyumba yake haiwashi moto tena kabisa, kwa maisha yote ya wanaoishi humo. Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Mkosoaji wa Wilaya, Bwana Sengwaji, hakuwa kama nilivyomtarajia. Alikuwa mnene, mpole, mwenye leso ya kufutia jasho, na alikuja na pipi za kuwapa wanafunzi wa vidato vya chini. Alizungumza na Zamda kama mjomba. Mama yake Zamda naye aliletwa, akakalishwa karibu na mlango kwenye kiti cha mwalimu. Alikuwa mama mdogo wa umbo, amejifunga kaniki, na mikono yake alikuwa ameikumbatia kama mtu mwenye baridi, ingawa jua lilikuwa kali.

Bwana Sengwaji aliwaambia wanafunzi kwamba hakuna aibu katika dosari. Kila mtu anayo, hata yeye, na siku ikifika mwanawe atasimama aitaje. Kinachotesa watu ni kutojua. Wabaini, alisema, ni watu waliopumzika kuliko mataifa yote, kwa kuwa hawajiulizi. Kisha akamgeukia Zamda.

"Binti yangu. Mwache mama yako apate uji wa moto. Marehemu baba yako, alikosa nini?"

Zamda alikuwa amesimama pale pale pake. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mkosoaji.

"Alikosa daraja," alisema.

Bwana Sengwaji aliikunja leso yake, akaikunjua. Daraja halimo katika maneno yanayokubalika, na nadhani hakuwa na hakika kama amesikia vizuri. Aliyeokoa hali ni Bwana Tindwa. Aliinuka haraka, akakohoa mara kadhaa, na uso wake ukang'aa kwa nuru ya mtu aliyeona njia.

"Mheshimiwa, mtoto anasema sawasawa. Marehemu hakupata daraja. Si la kwanza, si la pili, si la tatu. Hakusoma yule. Alikosa daraja, yaani, kwa lugha ya kitaalamu, ujinga."

"Aa," Mkosoaji alisema, na mabega yake yakashuka kwa nafuu. "Ujinga. Ujinga upo."

Nilielewa kwamba jambo limekwisha. Bwana Tindwa, ambaye nilimdhania mwoga, alikuwa amemtafutia yule mama moto kwa njia pekee aliyoijua. Kilichotakiwa ni Zamda anyamaze tu. Mimi nilinyamaza. Nilijua alichomaanisha, na nilinyamaza, na moyoni nilikuwa namwomba naye anyamaze. Nilikuwa naitazama ile mikono ya mama yake.

Zamda aliniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"La mtoni," alisema.

Bwana Sengwaji akafumba macho.

"Daraja la mtoni," Zamda alirudia, pole pole, kama anayemsaidia mtu aliye nyuma kunakili. "Mmeniuliza alikosa nini. Alikosa daraja. Sijaulizwa alikosea nini. Mngeniuliza hivyo ningesema hakukosea kitu, alikuwa analeta kiti."

Bwana Tindwa aliketi. Mkosoaji, kwa kuwa hakuwa na mwongozo wa jambo lile, alinigeukia mimi. Alisema mgeni ameisomea Lugha ya Walioondoka, basi mgeni aseme kama maana hiyo imo katika tanzia au binti ameitunga.

Msomaji ajue kwamba mimi ni mtu ambaye nikiulizwa njia na mgeni barabarani natetemeka. Nilisimama nikashika ukingo wa meza. Nilisema kwamba neno la bawabu katika lugha ile ni neno la zamani, na walimu wangu chuoni hawakukubaliana juu yake, na mimi pia sijui. Bwana Sengwaji akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasema, lakini yule aliyelitafsiri kwa lugha yenu, zamani hizo, hakuandika "alikosea." Angeweza. Ni herufi moja tu imezidi. Aliandika "alikosa," halafu hakuandika alikosa nini. Labda aliwaachia mtafute.

"Tutafute wapi?" Bwana Sengwaji aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

Nikasema sijui. Nikasema labda pale langoni, kwa sababu pale palikuwa na mtu aliyeijua sauti, na mfalme alimkosa mtu huyo ingawa walikuwa nyumba moja. Sauti yangu ilikatika hapo, nikakaa. Nyange aliniambia baadaye kwamba maneno ya mwisho hayakusikika nyuma.

Mkosoaji alisema jambo hilo limemzidi cheo na akalipeleka Barazani. Sisi sote tulikwenda. Nilitegemea ghadhabu. Badala yake nilikuta furaha kubwa, kwa kuwa baraza lile lilikuwa halijapata dosari mpya kwa vizazi kadhaa. Upande wa Tamaa ulisema daraja haliwezi kuwa dosari ya mtu kwani si sehemu ya mwili wala ya roho. Upande wa Kiburi ukajibu kwa hoja ambayo niliiandika mkononi ili nisiisahau: daraja lilikosekana, aliyelikosa ni nani? Ni Kirobo. Mwenyekiti wa Baraza hakulikosa, hakuwa na haja ya kuvuka. Mto haukulikosa. Basi ukosefu ule ni wa Kirobo mwenyewe, ulikuwa ndani yake, na alikwenda nao mpaka kwenye jiwe. Kwa hiyo binti amejibu vizuri kabisa, na daraja liingizwe katika maneno yanayokubalika, baada ya haraka na kabla ya ujinga.

Walipiga makofi pande zote mbili. Mwenyekiti alimpa Zamda mkono. Akatangaza kwamba msiba wa Kirobo umepata jibu, nyumba yake iwashe moto, na kwa heshima ya siku hiyo yeye binafsi ataweka jiwe la msingi Mto Gangwe.

Tulitoka nje. Zamda alisimama kwenye ngazi za Baraza akiwa ameushika kwa mkono mwingine ule mkono uliosalimiwa.

"Mwalimu," aliniuliza, "tumeshinda?"

Nikamwambia kwamba jiko litawashwa. Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa nusu ya chenji yake na muuzaji ambaye hana zaidi.

Kabla ya muhula kwisha Mwongozo ulitolewa upya. Mstarini Bwana Tindwa aliuliza, "Alikosa nini?" na shule nzima ikaitikia, "Alikosa daraja." Walikuwa wanamsema Mfalme Odwari, ambaye katika tanzia yake yote hamna hata kijito. Jibu lina alama tatu. Katika jaribio la mwisho darasa zima liliandika hivyo, isipokuwa Zamda, aliyeliacha swali wazi, na Nyange, aliyeandika kwamba mfalme alikosa kumuuliza bawabu, akafuta, akaandika daraja. Chini ya pale alipofuta maneno yalikuwa yanasomeka bado. Nilimpa alama zote, na sijui nilizitoa kwa jibu lipi.

Siku mbili kabla sijaondoka nilialikwa kwa kina Zamda. Tulivuka Gangwe kwa kushikana mikono, tukikanyaga majina ya wenyeviti. Mama yake alikuwa ameketi jikoni mbele ya mafiga, na moto ulikuwa mkubwa kuliko ilivyohitajika kwa sufuria moja ya chai. Aliniambia "Fafanua," nikamjibu "Kwa mifano," tukacheka sote watatu, kwa kuwa nilishajua.

Aliniambia kwamba ile tanzia ameisikia kwa jina tangu utotoni, wana wa wenzake wamefaulu na kufeli kwa ajili yake, ofisa amesimama mlangoni kwake kwa ajili yake, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia inahusu nini. Aliona aibu kuuliza. Kama si siri, alisema, angependa kusikia.

Basi nikamsimulia. Nilimsimulia njaa, na ukungu, na lango. Alikuwa anasukuma kuni taratibu kadiri nilivyoendelea, na nilipofika pa bawabu aliyeijua sauti akaacha kusukuma. Zamda alikuwa anamenya viazi na hakuinua macho. Nilimaliza kwa neno la bawabu, nikanyamaza, kama tulivyofundishwa kunyamaza baada ya neno lile.

Mama yake Zamda alingoja. Alipoona nimemaliza kweli, akauliza, "Na yule binti, walimzika wapi?"

Nilitafuta kichwani. Nilipitia tendo la mwisho lote, mstari kwa mstari, kwa lugha ile niliyoisomea, na maelezo ya walimu wangu, na maelezo ya waliowafundisha. Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Hakisemi," alisema.

"Hapana, mama. Kinaishia kwa mfalme."

Chai ikafura na kumwagikia majivu bila yeye kuiepua. "Lakini hawakumwacha pale nje," alisema, na alinikazia macho, na nikaona kwamba haulizi habari za kitabu.

Mimi si mtu wa kusema nisichokijua. "Hawakumwacha," nikamwambia. "Walikwenda wakamchukua."

Akashusha pumzi, akaiepua sufuria.